Uhuru Bila Shamba: Watumwa wa Marekani Baada ya Kuachiwa

Katika mihadhara yetu ya historia watu hutuuliza: ule uhuru uliotangazwa Marekani mwaka 1776 uliwafikia kweli watumwa na maskini? Mimi huanza na mzee mmoja.

Tarehe 12 Januari 1865, mjini Savannah, Georgia, Jenerali William Sherman na Waziri wa Vita Edwin Stanton, wa upande wa serikali katika vita vya wenyewe kwa wenyewe dhidi ya majimbo ya Kusini yaliyoasi ili kutetea utumwa, waliwaita viongozi 20 wa makanisa ya Weusi. Msemaji wao, Garrison Frazier, mchungaji wa miaka 67, alikuwa amejikomboa yeye na mkewe kwa dola 1,000 za dhahabu na fedha. Walipomuuliza watu wake watajitegemea vipi, hakuzunguka: tupate ardhi, tuilime kwa jasho letu wenyewe.

Siku nne baadaye Sherman aliamuru kila familia igawiwe hadi ekari 40 katika ukanda wa pwani, kutoka South Carolina hadi Florida. Watu wapatao 40,000 wakahamia, wakaanza kulima. Lakini Aprili Rais Lincoln akauawa, na Andrew Johnson aliyemrithi akawasamehe mabwana walioasi na kuwarudishia mashamba.

Oktoba mwaka huohuo, Jenerali Oliver Howard, aliyepoteza mkono wa kulia vitani, alitumwa kisiwani Edisto, katika ukanda huohuo wa pwani, kuwapa wakulima habari hiyo na kuwasihi wapatane na mabwana wa zamani. Wakamjibu kwa barua. Wewe, walimwambia, umepoteza mkono tu, pengine unaweza kusamehe. Lakini mtu aliyenifunga mtini akanichapa viboko 39, akawavua nguo mama yangu na dada yangu akawachapa, na leo haniachii hata kibanda chake kitupu mpaka nimlimie kwa bei aitakayo, huyo nitamsamehe vipi? Kila nikiisoma barua ile naona waliojua uchumi ni wao: asiye na shamba atarudi kwa bwana yuleyule.

Na walirudi. Huko Mississippi, sheria ya mwishoni mwa 1865 ilimtaka kila Mweusi awe na uthibitisho wa maandishi wa kazi yake kila Januari. Asiye na kazi alihesabiwa mzururaji na kutozwa faini. Akishindwa kulipa, alikodishwa kwa yeyote atakayemlipia.

Wengine walilima kwa kugawana mavuno. Mbegu, unga na chumvi vilikopwa, na pamba ikishauzwa, daftari la madeni lilikuwa mikononi mwa mwenye shamba. Wazungu maskini nao wakanaswa kwa maelfu katika mtego huohuo. Kisha majimbo ya Kusini yakaweka kodi ya kupiga kura, dola moja au mbili kwa mwaka. Kwa mtu anayemaliza msimu akiwa bado anadaiwa, hizo ni fedha nyingi. Mabaki ya mwisho ya kodi hiyo yalifutwa na Mahakama ya Juu mwaka 1966, miaka 101 baada ya Mzee Frazier kuomba shamba.