Kuwa na runinga si kosa: leseni ya TV Uingereza

Mgeni akifika Uingereza, jambo la kwanza atakaloambiwa na wenyeji wake ni hili: ukiwa na TV ndani, lazima ulipe leseni. Si kweli. Sheria haiangalii kifaa, inaangalia unachotazama.

Leseni, ambayo tangu Aprili 2025 ilikuwa pauni 174.50 kwa mwaka, inahitajika ukitazama au kurekodi matangazo yanaporushwa moja kwa moja, kwa chaneli yoyote, hata kwenye simu. Filamu au tamthilia unayoichagua mwenyewe Netflix au ITVX, huduma ya mtandaoni ya kituo cha ITV, ukaitazama saa sita usiku, haidai leseni.

Ila kuna BBC iPlayer, huduma ya BBC ya kutazama vipindi mtandaoni. Zamani vipindi vyake vilivyokwisha kurushwa vilitazamwa bila leseni. Mwanya huo ulizibwa tarehe 1 Septemba 2016, na wengi bado wanaishi na habari za kabla ya hapo. Na mechi ikirushwa mubashara Amazon Prime? Hapo leseni inatakiwa, ingawa umeshalipia Amazon yenyewe. Inaudhi, lakini ndivyo ilivyo.

Redio, hata ya BBC, sikiliza upendavyo.