Kijiko chako cha sukari kina gramu ngapi?

Katika somo la lishe kwa akina mama hapa Dodoma, nilimwomba mmoja wao aitie sukari kwenye kikombe kitupu kama anavyofanya nyumbani. Akachota vijiko vitatu vya chai, kila kimoja na kilima chake juu. Tukapima: gramu 18. Ukikisawazisha kijiko kwa kisu, hubaki gramu 4 hivi, kwa hiyo vile vitatu vyake vilikuwa karibu vinne na nusu.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku. Kwa mtu mzima hiyo ni kama gramu 50, na ikishuka hadi 25 ni bora zaidi. Sasa hesabu: chai ya asubuhi 18, ya jioni 18, na soda moja ya chupa mchana, ambayo mara nyingi hubeba gramu 35 au zaidi. Umeshapita 70, na andazi bado halijahesabiwa.

Sukari yenyewe hutoa nishati tu. Haina vitamini, protini wala nyuzinyuzi. Ya kahawia na sukari guru hazitofautiani sana na nyeupe, na hata asali nzuri ya Singida huhesabiwa humo humo. Zabibu zetu ukizila nzima ni jambo jingine, kwa sababu zina maji na nyuzinyuzi, na unazitafuna taratibu. Unga wa ubuyu nao ni mchachu na una vitamini C. Ule mwekundu wa kumung'unya umepikwa kwa sukari na rangi, na hushikamana na meno. Bakteria wa kinywani huigeuza sukari hiyo kuwa asidi inayotoboa jino.

Kinachonisumbua zaidi ni uji wa watoto. Mtoto wa miezi sita hajaizoea sukari, kwa hiyo haidai. Sisi ndio tunaomfundisha. Uji wa ulezi au uwele uutie karanga zilizosagwa laini au maziwa, ukipenda na ndizi mbivu iliyopondwa. Hadi atimize miaka miwili hahitaji kuongezewa sukari. Mkubwa aliyeizoea apunguze nusu kijiko kwa wiki, ulimi utafuata.

Jina "kisukari" limewafanya wengi waamini kwamba ugonjwa huu huletwa na sukari peke yake. Aina ya pili, iliyo ya kawaida zaidi, huchangiwa na uzito uliozidi, kukaa bila kuushughulisha mwili na urithi wa ukoo. Vinywaji vyenye sukari huongeza hatari hiyo.

Lakini kuna siku sukari huokoa. Mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini au baadhi ya vidonge akianza kutetemeka, kutoka jasho jingi na kuchanganyikiwa, huenda sukari yake imeshuka. Kama bado anaweza kumeza, mpe vijiko vinne vilivyosawazishwa katika maji, na baada ya dakika 15 mwangalie tena. Akiwa amezimia usimmiminie chochote mdomoni: mlaze ubavu, mkimbizeni hospitali.