"Weka kila sekunde, injinia": dhana potofu kuhusu programu za kukusanya data kiwandani

Nimeisikia sentensi hiyo, yaani programu isome mita zote kila baada ya sekunde moja, Themi kwenye viwanda vya Arusha, nikaisikia Usa River kwenye shamba la maua, na juzi nimeisikia tena Moshi kabla hata sijatoa laptop kwenye begi. "Weka kila sekunde, injinia, tusipitwe na kitu."

Mtapitwa na vingi. Wateja wengi wanaichukulia programu ya kukusanya data kama kamera inayotazama mita zote kwa mpigo. Kwenye Modbus RTU, lugha ambayo mita nyingi za viwandani huzungumza na kompyuta, haiko hivyo. Itifaki hii ni ya mwaka 1979 na bado inafanya kazi kama dirisha moja la benki: kompyuta inauliza mita ya kwanza, inasubiri jibu, ndipo inahamia ya pili. Mita zote zimefungwa kwenye waya ule ule mmoja wa mawasiliano (RS-485), na mbili zikisema pamoja hakuna atakayesikika.

Sasa tupige hesabu, maana hapa ndipo ubishi huwa unaishia. Una mita 24 na kila moja unataka rejista 20, yaani visanduku ambamo mita huweka vipimo vyake. Kwa kasi ya biti 9600 kwa sekunde, swali na jibu lake ni baiti 53, yaani kama milisekunde 60 waya ukiwa na shughuli. Ongeza muda wa mita kutafakari na ule ukimya wa lazima kati ya ujumbe na ujumbe, unakaribia milisekunde 100. Mara 24: sekunde 2.4. Na hapo umesoma rejista zote 20 kwa swali moja. Fundi aliyeziweka mojamoja, na ninawakuta kila mara, mzunguko wake unaweza kufika sekunde 20 na zaidi, wakati kwenye mipangilio pameandikwa "sekunde 1". Programu haigomi. Inachelewa kimyakimya, au inalalamika kwenye logi (orodha ya matukio ya programu) ambayo hakuna anayeifungua. Modbus inaruhusu hadi rejista 125 kwa swali moja, kwa hiyo zipange kwa mafungu.

Mita moja ikiungua ndiyo balaa. Kwa mteja mmoja taimauti (muda wa kusubiri jibu) ilikuwa sekunde 1, majaribio 3. Kila mzunguko, sekunde 3 zilikuwa zinakwenda kuisubiri mita iliyokwisha kufa, na lawama zote zikaangukia programu.

Hata waya ungekuwa na kasi, za nini? Thamani 480 (mita 24 mara rejista 20) kila sekunde ni rekodi 41,472,000 kwa siku, na nyingi zinasema chumba cha baridi bado kina joto lile lile la dakika iliyopita. Mimi huanza na karatasi, si kompyuta. Naandika kila kipimo na kando yake naandika: hiki hubadilika kwa kasi gani? Hali ya pampu na kengele za hatari, sekunde 1 au 2. Presha, sekunde 5. Joto la chumba, sekunde 30 hadi 60. Kilowati-saa, dakika 15 zinatosha kabisa, kwa sababu mita yenyewe inajumlisha. Ukichelewa kuisoma hupotezi hata uniti moja. Wanaohitaji kasi ya kweli ni wanaopima mtetemo wa beringi, na hao wanahitaji maelfu ya vipimo kwa sekunde, kazi ambayo sensa huifanya yenyewe na kutoa jibu tu. Modbus haiwasaidii, hata ukiweka sekunde moja.

Dhana nyingine potofu nazisema haraka.

"Namba imetokea, basi inasoma sawa." Rejista ya kwanza kitabu cha mita kinaiita 40001, programu nyingi zinaiita 0. Ukikosea kwa moja unasoma fezi ya jirani, nayo pia ina volti 230 na kitu, kwa hiyo hakuna anayeshtuka. Namba za desimali zinazokaa kwenye rejista mbili, ukigeuza mpangilio, angalau zinatoka za ajabu na unajua pamekosewa. Simama mbele ya mita, mwenzako akusomee skrini kwa simu.

"Mtandao ukikatika, data imekwenda." Si lazima. Washa uhifadhi wa muda kwenye kompyuta iliyo karibu na mashine. Laini ikirudi itatuma yenyewe. Ila umeme ukikatika na UPS (betri ya akiba) inalisha kompyuta peke yake, huku swichi na adapta ya RS-485 ziko gizani, hakuna cha kuhifadhi.

"Saa si tatizo." Msimamizi wa zamu ameandika kwenye daftari kuwa pampu ilizima saa 2 usiku. Skrini inasema 20:00. Hifadhidata, iliyowekwa UTC (saa ya kimataifa, iliyo nyuma ya yetu kwa saa 3), inasema 17:00. Nimeona watu wazima wakigombana kwa tukio hilo hilo moja. Hifadhi kwa UTC, onyesha saa za Tanzania, na kompyuta zote zichukue saa sehemu moja.

"Dirisha la programu liko wazi, kwa hiyo inafanya kazi." Na karani akitoka kwenye akaunti yake ya kompyuta (log off) Jumamosi mchana kwa adabu zake? Isajili kama huduma ya Windows, ijiwashe bila mtu. Mimi kabla ya kukabidhi kazi nazima kompyuta na kuiwasha, naiacha pale pale inapoomba nywila, nakwenda kunywa chai. Nikirudi nikakuta data haijasogea, sijamaliza.