"Data iko nyumbani, basi iko salama": dhana potofu kuhusu seva ya nyumbani

Anayehamisha picha na nyaraka zake kutoka hifadhi ya kampuni kwenda kwenye seva yake mwenyewe, tuseme Nextcloud (programu ya kuhifadhi mafaili) juu ya Raspberry Pi (kompyuta ndogo sana) au laptopu kuukuu, anapata faida ya kweli: hakuna tena kampuni inayoweza kuzipekua. Ila ulinzi wote uliokuwa ukifanywa na watu wengine unamwangukia yeye, na hapo ndipo dhana potofu zinapoumiza.

Dhana: Data ikiwa ndani ya nyumba, hakuna wa kuisoma.

Mwizi akiondoka na laptopu, nenosiri la kuingilia Linux halimzuii. Anatoa diski, anaichomeka kwenye kompyuta nyingine na kufungua kila faili. Kinachomzuia ni kuisimba diski nzima, yaani kuigeuza isisomeke bila nenosiri, kwa LUKS, zana ya Linux ya kazi hiyo. Fanya hivyo siku ya kusakinisha mfumo; Debian na Ubuntu hukupa chaguo hilo unapogawa diski.

Usumbufu upo. Umeme ukikatika na kurudi, mashine itakaa ikingoja nenosiri. Ndiyo maana tunapendelea mfumo uachwe bila kusimbwa na diski ya data peke yake isimbwe: seva inawaka yenyewe, unaingia kwa SSH (njia ya kuiamuru mashine kutoka mbali), unafungua data. Kumbuka pia kwamba LUKS hulinda mashine iliyozimwa. Ikiwa inafanya kazi, aliyepenya kupitia mtandao anaona kila kitu, kwa hiyo masasisho ya usalama hayasubiri mwisho wa mwezi.

Dhana: Ili kuifikia ukiwa safarini, lazima ufungue poti (mlango wa kupitishia mawasiliano) kwenye rauta.

Kwanza tazama anwani ya WAN, yaani ya upande wa intaneti, kwenye rauta. Ikiwa kati ya 100.64.0.0 na 100.127.255.255, uko nyuma ya CGNAT, yaani wateja wengi mnagawana anwani moja ya umma. Hali hii ni ya kawaida sana kwenye intaneti ya mitandao ya simu. Fungua poti utakavyo, hakuna kitakachoingia.

Hata mwenye anwani yake ya umma asikimbilie kufungua poti 443, ya HTTPS (mawasiliano ya wavuti yaliyosimbwa), kwa dunia nzima. Ukichukua cheti cha HTTPS kutoka Let's Encrypt, shirika linalotoa vyeti hivyo, jina la seva yako huandikwa kwenye daftari la vyeti lililo wazi kwa umma, na roboti hulisoma. Kulificha jina hakusaidii.

Tumia WireGuard, programu ya VPN, yaani njia iliyosimbwa kati ya simu na seva yako. Inahitaji poti moja tu ya UDP, kwa kawaida 51820, na haijibu pakiti yoyote isiyo na ufunguo sahihi, hivyo anayechunguza kutoka nje haoni kitu. Walio nyuma ya CGNAT watumie Tailscale, huduma iliyojengwa juu ya WireGuard, au wakodi VPS (seva ya kukodi kwenye intaneti) ndogo yenye anwani ya umma ambayo seva na simu zote zitaunganishwa nayo. Upande wa seva ya nyumbani, kwenye mipangilio ya WireGuard, andika `PersistentKeepalive = 25`. Bila mstari huo, NAT, yaani mfumo huo wa kugawana anwani moja, husahau njia baada ya ukimya mfupi, na simu yako inashindwa kuingia ingawa jana ilikuwa sawa. Weka HTTPS ndani ya njia hiyo pia, maana VPS hufungua pakiti za WireGuard kabla ya kuzipitisha.

Dhana: Itamaliza umeme.

Raspberry Pi inayotumia wati 5 usiku na mchana inakula uniti 3.6 kwa mwezi. Laptopu ya wati 15, uniti 10.8. Kinachosumbua ni umeme hafifu, hasa kwa wanaotumia chaja ya simu. Pi 4 inataka volti 5.1 na ampea 3, Pi 5 inataka ampea 5. Kwenye Pi andika amri `vcgencmd get_throttled`: jibu la `0x0` ni zuri, `0x50000` linamaanisha volti ilishuka angalau mara moja tangu mashine iwashwe.

Dhana: Barua pepe nayo ihamie nyumbani.

Hapana. Watoa huduma wengi wa intaneti hufunga poti 25, ambayo seva hutumia kutumiana barua pepe, na anwani za majumbani hukataliwa na seva zinazopokea. Miliki domeni yako, uachie kampuni ya barua pepe kazi ya kuzibeba.

Dhana: RAID ni nakala ya akiba.

RAID 1, yaani diski mbili zinazoandikwa sawasawa, hukuokoa diski moja ikifa. Ukifuta folda ya picha za harusi kwa bahati mbaya, inafutika kwenye diski zote mbili papo hapo.

Tumia restic, programu ya nakala za akiba inayosimba data kabla haijaondoka kwenye mashine. Kwa Nextcloud, washa kwanza `occ maintenance:mode --on`, toa hifadhidata kwa `mariadb-dump` au `pg_dump`, ndipo unakili. Ukinakili mafaili ya hifadhidata huku inaandika, huenda upate nakala isiyofunguka. Kupandisha GB 200 kwa kasi ya Mbps 10 huchukua zaidi ya saa 44, kwa hiyo nakala ya kwanza ifanyie nyumbani kwenye diski ya USB, kisha mpelekee ndugu anayekaa mtaa mwingine.

Kila baada ya miezi mitatu rejesha kwa `restic restore latest --target /mnt/jaribio` na ufungue picha kumi kwa macho yako. Nenosiri la restic likipotea, hakuna wa kukufungulia: liandike kwenye karatasi, karatasi ikae nje ya nyumba yenye seva.