Je, wajua kwa nini salio lako la mtandaoni linaweza kufungiwa hata miezi sita?

Lamu, hasa upande wa Shela, nyumba nyingi za wageni siku hizi hulipiwa arubuni kabla mgeni hajapanda ndege. Pesa huja kupitia kampuni za malipo ya mtandaoni kama PayPal na Payoneer, au kwa kadi, za dola au yuro, na wasimamizi wengi huziacha hukohuko zirundikane msimu mzima. Mmoja anangoja dola ipande. Mwingine anaona afadhali atoe mara moja, akatwe ada mara moja. Halafu asubuhi moja simu inaleta ujumbe kwamba akaunti imewekewa vizuizi. Salio linaonekana lote, senti kwa senti, ila ukibonyeza kutoa hakitoki kitu.

Kampuni inapata wapi nguvu ya kukuzuilia jasho lako?

Inaipata kwenye mkataba ulioukubali bila kuusoma, na nani atatulaumu, maana ni kurasa kwa kurasa. Unachokiona kwenye skrini ni deni: kampuni inakiri kwamba inadaiwa na wewe kiasi fulani, na itakulipa kwa masharti yake. Ni kama pesa ulizomwachia mwenye duka pale Langoni akaziandika kwenye daftari lake. Siku ya heri unazichukua. Siku duka likifungwa, unajipanga na wadai wenzako.

Benki nayo inadaiwa na wateja wake, lakini nyuma yake kuna bima. Kenya, shirika la KDIC humlinda mwenye amana hadi shilingi 500,000 kwa kila benki, kiwango kilichopandishwa mwaka 2020 kutoka 100,000. M-Pesa ina njia yake: pesa za wateja hukaa katika benki chini ya mdhamini, mbali na mali ya Safaricom yenyewe. Salio la dola kwenye kampuni ya ng'ambo halimo katika bima ya KDIC. Hata Marekani kwenyewe, Juni 2023, ofisi ya serikali inayolinda wateja wa huduma za fedha, CFPB, iliwaonya watu kwamba pesa walizoziacha kwenye programu za malipo huenda hazina bima.

Kufilisika si jambo la kila siku, lakini hutokea, na huwakuta hata wasiohusika. Juni 2020 kampuni ya Ujerumani iitwayo Wirecard ilikiri kwamba yuro bilioni 1.9 zilizoandikwa kwenye vitabu vyake huenda hazikuwahi kuwepo. Tarehe 26 mamlaka ya Uingereza ikasimamisha tawi lake la huko, na kadi za Payoneer zilizotolewa na tawi hilo zikazimika kwa siku kadhaa. Wenye kadi wengi hawakuwa wamewahi kulisikia jina la Wirecard. Mwaka 2024 mambo yakawa mabaya zaidi: Synapse, kampuni ya Marekani iliyokuwa kiungo kati ya programu za kuweka akiba na benki, ilifilisika, na watu zaidi ya 100,000 wakafungiwa pesa zao. Vitabu vilipolinganishwa, pengo lilikadiriwa kati ya dola milioni 65 na 96.

Hayo ni ya mbali. Linalomkuta mtu wa Shela kwa kawaida ni dogo kuliko hilo, na linaudhi zaidi.

Mtambo wa kampuni huangalia mwenendo. Akaunti iliyolala tangu Aprili, ghafla Julai ikapokea malipo makubwa kutoka nchi nne, kwa mtambo huo inanuka utapeli au utakatishaji wa pesa. Kwetu ni msimu tu umeingia. Kampuni inafunga kwanza, kisha inauliza: leta kitambulisho, eleza pesa ni za nini, thibitisha unapoishi.

Hapo pa mwisho ndipo Mlamu anapokwama. Kitambulisho anacho. Uthibitisho wa makazi, wanataka bili yenye jina lake na mtaa wake. Mita ya stima ni ya tokeni, kwa hiyo bili haiji. Unaletewa tarakimu kwa ujumbe wa simu. Na ikiwa nyumba ni ya urithi, pengine mita bado ina jina la babu aliyekwisha kuzikwa. Nyumba za vichochoroni hazina namba. S.L.P. ya Lamu 80500 anayo, lakini kampuni nyingi zinataka mahali unapolala, sanduku la posta haliwatoshi. Kwa hiyo mtu mwaminifu, mwenye nyumba na wageni wa kweli, anaonekana kama hana kwao.

Mgeni aliyelipa naye ana haki zake, na ni sawa awe nazo. Kwenye PayPal anaweza kufungua malalamiko ndani ya siku 180 tangu alipolipa. Aliyelipa tarehe 10 Julai ana nafasi hadi mapema Januari, na ubalozi wa nchi yake ukitoa tahadhari ya safari katikati, madai huja kwa mkupuo. Ndiyo maana akaunti ikifungwa kwa kuvunja masharti, kampuni inaweza kuzuia salio kwa siku hizohizo 180: inajikinga na madai ambayo bado hayajaja. Kutoa pesa mapema hakukuondolei deni la mteja aliyeshinda malalamiko, salio linaingia hasi na unadaiwa wewe. Faida ya kutoa mapema ni kwamba mzozo wa mgeni mmoja haufungii mishahara ya wapishi na nahodha pamoja nao.

Hao wanaongoja dola ipande, wakumbuke mwanzo wa 2024. Januari dola moja ilifika karibu shilingi 160. Machi ikimalizika ilikuwa karibu 130. Aliyelalia dola 5,000 kwa tamaa alipoteza kama shilingi 150,000 bila kuibiwa na mtu.

Na ukishazirundika, kuzihamisha kwenyewe ni kazi. Laini ya M-Pesa haishiki zaidi ya shilingi 500,000, na kikomo cha miamala kwa siku ni hichohicho. Dola 10,000, kwa bei ya karibu shilingi 129, zinapita milioni moja na robo: siku tatu za kutoa na kupeleka benki. Ni rahisi zaidi kutoa kila arubuni inapoingia, ukabakisha kiasi cha kumrudishia mgeni mmoja au wawili. Na mita ya marehemu babu ibadilishwe jina sasa, wakati akaunti iko wazi na hakuna anayekuuliza.