Nyama ya Ajali: Yanayosemwa Barabarani na Yaliyo Kweli

Ng'ombe akigongwa na gari kati ya Usa River na Kikatiti, mkoani Arusha, Tanzania, au kwenye nyika ya kuelekea Makuyuni, mabishano huanza kabla vumbi halijatulia. Nani alipe? Nani achukue nyama? Achinjwe sasa hivi au asubiriwe afisa mifugo? Mengi yanayosemwa kando ya lami ni ya kurithiana tu, na baadhi yake huua watu. Kabla kisu hakijatoka alani kuna swali moja la kuuliza: ni nani mwenye ujuzi aliyemwona mnyama huyu akiwa hai? Karibu makosa yote ya nyama ya ajali hutokana na kuliruka swali hilo.

"Huyu kauawa na gari, hana ugonjwa"

Hii ndiyo dhana inayozaa nyingine zote. Gari ni sababu ya kifo inayoonekana kwa macho, lakini haliondoi sababu iliyomfanya mnyama asimame pale. Ng'ombe mwenye afya akisikia honi husogea. Anayebaki katikati ya barabara pengine ni mgonjwa tayari. Ndigana kali humfanya apumue kwa shida na kuachwa nyuma na kundi. Ugonjwa wa moyo kujaa maji humfanya azunguke pale pale na kunyanyua miguu juu kupita kawaida. Kichaa cha mbwa nacho huwapata ng'ombe, mbuzi na punda.

Ndiyo maana ukaguzi wa kwanza machinjioni hufanywa mnyama akiwa bado anatembea. Mkaguzi hutazama mwendo, pumzi, macho na kinyesi, na akishuku homa hupima joto, ambalo kwa ng'ombe mzima ni kati ya nyuzi 38 na 39.5 hivi. Mzoga hauna mwendo wala pumzi ya kutazamwa. Mkaguzi hodari akiupasua baadaye ataona mengi, ila nusu ya ushahidi imeshapotea.

Hatari zaidi ni mzoga uliokutwa alfajiri bila shahidi yeyote. Huenda mnyama alikufa usiku kwa ugonjwa, lori likampitia baadaye. Jeraha alilopata akiwa hai huvimba, na damu huonekana imesambaa ndani ya nyama inayozunguka mfupa uliovunjika. Mfupa uliovunjika baada ya kifo huwa na nyama isiyo na damu hiyo. Vioo vya taa na alama za breki nazo husaidia kujua kilichotokea. Lakini kusoma alama za ndani kunahitaji kupasua, na kuna mzoga ambao haupasuliwi kabisa.

Huo ni mzoga wa kimeta. Mnyama hufa ghafla, huvimba haraka, hakakamai vizuri, na damu nyeusi isiyoganda humtoka puani, mdomoni na kwenye haja kubwa. Shida ni kwamba aliyepasuka mapafu kwa kugongwa naye hutoka damu puani. Kwa macho tu, pembeni ya barabara, huwezi kuwatofautisha kwa uhakika. Daktari wa mifugo huchukua sampuli kidogo ya damu bila kufungua mzoga, ikapimwe maabara. Wakala wa Maabara ya Veterinari una kituo chake Arusha. Ukipasua, vimelea hupata hewa na kujigeuza kuwa spora, yaani vimelea vyenye ganda gumu, zinazoweza kukaa ardhini miongo kadhaa. Monduli, Ngorongoro na Rombo ni maeneo yenye historia ya kimeta, kwa hiyo tahadhari hii si ya vitabuni tu.

Kama umeshika mzoga wa namna hiyo na baada ya siku 1 hadi 7 ukaona kipele kinachowasha, kisha kikageuka kidonda chenye gaga jeusi kisichouma, nenda hospitali siku hiyo hiyo na mweleze daktari kwamba ulishika mnyama aliyekufa. Kutokuuma kwake ndiko kunakowachelewesha watu. Kikiwahiwa, hutibika vizuri kwa antibayotiki.

Chambavu, ugonjwa wa misuli ya ng'ombe, nayo inastahili kutajwa. Msuli wa paja au bega huwa mweusi, na watu husema "hapo ndipo alipogongwa". Ukiubonyeza, hulia kwa ndani kwa sababu ya gesi. Huo si mvilio wa ajali.

"Akiwahiwa kuchinjwa kabla hajakata roho, nyama ni safi"

Kuna ukweli ndani yake, nao unahitaji kuwekewa mipaka. Uchinjaji wa dharura upo na unakubalika: ng'ombe aliyekuwa mzima, akavunjika mguu, hana sababu ya kuteseka wala ya kutupwa. Masharti yake ni haya. Awe hai. Daktari au afisa mifugo amtazame kabla ya kisu. Mwenye mnyama aulizwe dawa alizochomwa karibuni. Achinjwe na damu itoke vizuri. Kichwa, mapafu, moyo, ini, bandama na figo visitupwe wala kugawanywa, bali viende machinjioni pamoja na mwili wake, vikaguliwe ndipo mhuri ugongwe.

Damu ya ng'ombe ni takribani asilimia 7 hadi 8 ya uzito wake. Wa kilo 250 ana kama lita 18, na uchinjaji mzuri hutoa karibu nusu tu ya hiyo. Aliyegongwa, damu ikavujia kifuani au tumboni, hutoa kidogo sana shingoni hata kisu kikiwa kikali. Damu inayobaki kwenye nyama huiharibu mapema. Pigo la ubavuni pia hupasua tumbo kubwa au utumbo, na kinyesi husambaa juu ya nyama ya ndani. Kumwagia maji ya ndoo hakusafishi, huutandaza uchafu. Utumbo utolewe ndani ya nusu saa hadi dakika 45. Zikipita saa 2 kwenye joto la Bomang'ombe saa saba mchana, bakteria wa tumboni wameshaanza kuhamia kwenye nyama.

Sehemu zenye mvilio hukatwa na kutupwa. Ikikutwa homa, usaha au uchafu uliosambaa, mwili mzima huzuiwa. Mara nyingi kinachobaki baada ya ukaguzi wa haki ni kidogo kuliko kile ambacho umati uliokuja na mifuko ya rambo ulitarajia.

Kuhusu dawa, oksitetrasaiklini ya asilimia 20 (antibayotiki) na ivamektini (dawa ya minyoo), ambazo wafugaji wengi huchoma wenyewe, huhitaji wiki kadhaa kabla nyama haijaliwa. Idadi kamili ya siku imeandikwa kwenye lebo ya chupa. Anayepelekwa mnadani Meserani au Weruweru anaweza kucheleweshwa siku hizo ziishe. Aliyegongwa leo hacheleweshwi, na mabaki ya dawa hayaonekani kwa macho.

Kwa Waislamu, Surat Al-Maida aya ya 3 imeharamisha aliyekufa kwa kupigwa na aliyekufa kwa kuanguka, isipokuwa yule mliyewahi kumchinja. Aya hiyo inajibu suala la uhalali. Suala la ugonjwa linabaki kwa mkaguzi, na aliyewahi kuchinja bado anamhitaji.

"Ikichemshwa sana, vijidudu vyote hufa"

Moto mkali huua salmonela na E. koli. Hauondoi sumu ya bakteria wa stafilokoka, ambayo huvumilia kuchemka, wala haumalizi mabaki yote ya dawa. Na hatari kubwa zaidi hutangulia sufuria. Kimeta, brusela na Homa ya Bonde la Ufa humpata mchunaji, mkata nyama na mama anayeosha utumbo kwa mikono yenye michubuko. Katika mlipuko wa Homa ya Bonde la Ufa wa 2006 na 2007, kugusa damu na nyama mbichi ya wanyama wagonjwa kulikuwa miongoni mwa njia kuu za maambukizi.

"Basi wapewe mbwa" si suluhisho. Mapafu na maini yenye malengelenge ya maji, mbwa akiyala mabichi, humwotesha minyoo tegu tumboni. Mayai yake hutoka na kinyesi, hushika manyoya na vyombo, na mtoto anayecheza na mbwa huyo huota malengelenge kwenye ini lake miaka mingi baadaye. Ogani ya kulisha mbwa ichemshwe nusu saa au zaidi. Yenye malengelenge izikwe.

"Dereva akishalipa, nyama ni yake"

Kulipa hufidia hasara ya mfugaji. Hakumpi mtu ruhusa ya kuuza nyama isiyo na mhuri, awe dereva, mfugaji au bucha iliyoinunua kwa bei ya kutupa.

Wala si kweli kwamba dereva hulipa kila mara. Polisi wa usalama barabarani hupima eneo, huchora ramani ya tukio na kuangalia mwendo wa gari, alama za barabarani na kama mifugo ilikuwa na mchungaji. Mifugo iliyoachwa yenyewe barabarani usiku inaweza kumrudishia mwenyewe lawama. Mkikubaliana bei vichochoroni bila ripoti ya polisi, kampuni ya bima haitakuwa na cha kushika. Dereva ajue pia kuwa bima ya mtu wa tatu haitengenezi gari lake mwenyewe.

Wakati afisa mifugo yuko njiani, ng'ombe aliyeumia asivutwe mkia wala kuburutwa kwa miguu. Alazwe kifua chini, aegemezwe magunia pande zote mbili. Ng'ombe akilala ubavu muda mrefu hushindwa kucheua na kutoa gesi, akajaa tumbo hadi akafa kwa kukosa pumzi, hata kama jeraha lenyewe lilikuwa la kutibika.

"Ukigonga swala, hiyo ni riziki yako"

Mnyamapori aliyekufa ni nyara ya serikali chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009, haijalishi aliuawa na nini. Paja, ngozi, pembe, hata mkia wa twiga uliookotwa: kukutwa navyo bila kibali ni kosa, na kesi za namna hiyo zimewapeleka watu jela miaka 20. Thamani zinazotumika mahakamani huhesabiwa kwa dola: swala pala 390, nyumbu 650, pundamilia 1,200, nyati 1,900, twiga 15,000. Mfuko wa nyama kwenye buti si jambo dogo.

Cha kufanya ni kusimama mahali salama, kuwasha taa za hatari, kuweka pembetatu mbele na nyuma, na kupiga simu polisi (112), ambao watawaita askari wa TAWA (Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori) au wa hifadhi iliyo karibu. Katika ushoroba wa Kwakuchinja, wanyama wanakovuka kati ya Tarangire na Manyara, usishuke kumsogelea nyati au pundamilia aliyeumia. Askari ndio huamua kama mnyama amalizwe, azikwe, au aburutwe mbali na barabara.

Ipo pia imani kwamba ubongo na uboho wa twiga hutibu Ukimwi. Haitibu, na imewagharimu twiga wengi maisha yao, pamoja na watu walioacha dawa za ARV.

"Uacheni hapo, fisi na tumbusi watamaliza"

Wakija kula juu ya lami, nao hugongwa. Mzoga mmoja wa punda huweza kuleta vifo vya fisi, bweha na tumbusi usiku mmoja, na dereva wa pikipiki anayefika gizani akakumbana nao wote. Tumbusi mgongo-mweupe tangu 2015 ameorodheshwa kimataifa kuwa hatarini sana kutoweka. Kama daktari amemmaliza mnyama kwa sindano ya dawa, mzoga huo ni sumu kwa anayeula na lazima uzikwe. Kwenye barabara kuu, TANROADS (Wakala wa Barabara) na polisi washirikishwe kuuondoa.

"Shimo lolote linatosha, mwaga chokaa umalize"

Shimo fupi hufukuliwa na mbwa siku ya pili. Kwa ng'ombe mmoja, chimba kina cha mita 2, urefu 2.5 na upana 1.5, ili juu ya mzoga ubaki udongo usiopungua mita 1. Kondoo au mbuzi watano wakubwa huhesabiwa sawa na ng'ombe mmoja. Kaa mbali na kisima, mfereji na mto. Kwenye miteremko ya Kilimanjaro yenye mifereji ya asili, mahali pa kuchimba patafutwe kwa makini, maana maji ya juu ndiyo yanayonywewa chini. Chini ya shimo pasionekane unyevu wa maji ya ardhini. Mzoga wa ajali usio na shaka ya ugonjwa utobolewe tumbo kabla ya kufukiwa, gesi isije ikauinua udongo. Rundika udongo wa ziada juu, kwa sababu utatitia.

Kwa kimeta mambo hugeuka. Usitoboe. Matundu yote yazibwe kwa pamba iliyolowa dawa ya kuua vimelea. Uchomwe kabisa hadi majivu au uzikwe kina kirefu, na udongo uliomwagikiwa damu uende shimoni pamoja nao. Chokaa isitumike, kwa kuwa kalisiamu yake inaweza kuzisaidia spora kudumu. Kaburi liwekwe alama na uzio wa miiba, pasilishwe mifugo, na afisa mifugo wa kata aandike mahali lilipo. Mifugo ya jirani ichanjwe, na kwa kuwa chanjo ya kimeta ina vimelea hai, ng'ombe asichomwe antibayotiki siku za karibu na chanjo. Dawa hiyo huiua chanjo, na mfugaji akabaki akiamini kundi lake limekingwa.