Dirisha la bima lifuate giza la dagaa

Juzi pale Mwaloni, soko la samaki la Kirumba jijini Mwanza, mama mmoja mchuuzi wa dagaa aliniuliza: "Mwanangu, nikingoja mtoto augue ndipo nikate bima, kuna ubaya gani?"

Kazi yangu ni kukokotoa michango ya bima, na swali hilo hunikosesha usingizi. Toto Afya Kadi, bima ya watoto ya mfuko wa taifa wa NHIF, ilikuwa shilingi 50,400 kwa mtoto kwa mwaka. Wazazi wengi walikuja na watoto ambao tayari ni wagonjwa, na mwaka 2023 usajili wa mtoto mmoja mmoja ukasitishwa. Mfuko unaobeba wagonjwa peke yao haudumu, hata ukiendeshwa kwa uadilifu wote.

Marekani walikutana na tatizo hilohilo. Sheria yao ya 2010 iliruhusu kila jimbo kuanzisha soko lake la bima, na masoko hayo yalifunguliwa tarehe 1 Oktoba 2013. Makampuni hupanga bima zao mahali pamoja, kwenye tovuti, bei zikionekana, na ni marufuku kumkataa mgonjwa au kumtoza zaidi. Serikali humchangia mwenye kipato kidogo. Lakini usajili una dirisha lake kila mwaka. Likishafungwa, huingii mpaka lifunguliwe tena, isipokuwa umepata mtoto, umepoteza kazi, au jambo la namna hiyo. Dirisha ndilo linalomleta mzima kabla hajaugua. Tovuti ni kazi ya mafundi tu.

Nasi tuna Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023. Serikali ikijenga soko la namna hii, naisihi ianze na kalenda ya ziwa. Dagaa huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka, taa hazivuti kitu, mitumbwi hupumzika, na mwaloni mzima hukaukiwa. Mtumishi hukatwa mchango kwenye mshahara bila kuhisi. Mvuvi wa Ukerewe akidaiwa mwaka mzima kwa mkupuo, tena mwezi ukiwa mpevu, atatoa wapi? Hata zile 30,000 za Mfuko wa Afya ya Jamii (CHF) ulioboreshwa, kwa kaya ya watu sita, zilikuwa nyingi siku ambayo hakuna kilichovuliwa.

Mchango ukusanywe kidogo kidogo kwa simu kila giza, ubaki kwa jina lake, na dirisha likifunguliwa awe ameshakamilisha.

Nilimweleza mama yule hivyo. Akafunga gunia lake, akasema, "Elfu tatu kila giza? Hiyo naiweza."